Bustani hospitalini: inaponya kweli au tunapamba tu?

#1 Kisiki Kibichi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mjumbe wa kamati kwenye hospitali moja ya wilaya, jina naliacha. Nyuma ya wodi ya wanaume kuna eneo la kama robo ekari, mchanga mtupu, pamejaa vitanda chakavu na gari la wagonjwa lililokufa zamani. Amejitokeza mfadhili anataka pale pageuzwe bustani ya wagonjwa. Michoro kaja nayo kabisa: vijia, viti, maua, mpaka chemchemi ya maji.

Kamati imegawanyika. Mganga mfawidhi anaipenda. Mwenzetu mmoja anasema wodi ya wazazi akina mama wanalala wawili wawili, leo tukionekana tunapanda maua tutachekwa. Tulimwomba mfadhili pesa ihamie kwenye vitanda, akajibu ni bustani au basi.

Nauliza: mgonjwa anapona kwa sababu ya bustani, au ni urembo wa kuwapokelea viongozi wakija kukagua? Na mwezi wa tisa, jua likiwa kali, nani atamwagilia? Naomba waliowahi kuona kwa macho. Maneno ya vipeperushi ninayo ya kutosha.

#2 Ngoja Waje

Nimevuta kiti.

#3 Mpenda Kijani

Hili lilishajibiwa zamani. Wamarekani walifanya utafiti, mgonjwa anayeona miti anapona mara mbili ya yule asiyeona. Chukueni pesa, pandeni.

#4 Dkt Mchokozi

Mpenda Kijani, huo utafiti naufahamu na haukusema hivyo.

Ni wa Roger Ulrich, ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 1984. Alichukua mafaili ya wagonjwa waliokatwa kifuko cha nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania kati ya 1972 na 1981. Wagonjwa 46, akawapanga jozi 23 kwa umri, jinsia, uvutaji sigara na mengine. Katika kila jozi mmoja dirisha lake lilitazama miti, mwenzake lilitazama ukuta wa matofali. Tena alitumia miezi ya Mei hadi Oktoba tu, miti ikiwa na majani. Waliotazama miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukuta siku 8.70. Piga hesabu mwenyewe uone kama hiyo ni mara mbili.

Halafu jambo ambalo watu hulisahau: hakuna mgonjwa aliyekanyaga nyasi. Ulikuwa utafiti wa dirisha. Ukiutumia kutetea vijia na chemchemi umeuongezea maneno.

#5 Mpenda Kijani

Sawa mkuu, lakini upande wa miti ndio walioshinda. Mbili au moja na robo, mti ni mti.

#6 Kagera Moja

Kwa hiyo tofauti ni kama saa 18. Daktari akichelewa raundi asubuhi moja tu, hizo zimeisha zote.

#7 Dkt Mchokozi

Kagera Moja, hapo umepiga penyewe. Ila usiishie kwenye siku. Wa upande wa miti walitumia dawa kali za maumivu chache zaidi, na kwenye maandishi ya wauguzi hawakuandikwa mara nyingi kama wenzao kwamba analia au anahitaji kutiwa moyo sana. Kwangu hilo la dawa ndilo zito.

Pia kuna maelezo mengine ambayo hayahitaji mti. Mwanga, kwa mfano. Edmonton, Kanada, walitazama wagonjwa wa sonona mwaka 1996: waliolazwa vyumba vyenye jua walikaa wastani wa siku 16.9, wa vyumba vyenye giza 19.5. Hakuna bustani pale, dirisha na jua tu. Ukuta wa matofali unaziba miti, na mwanga unaupunguza pia. Utajuaje kipi kilifanya kazi?

#8 Nesi wa Zamu

Habari zenu. Niko kazini miaka mingi na hospitali niliyopo ina kabustani kadogo, kwa hiyo nawaambia ninachokiona.

Wagonjwa wanaitumia kidogo mno. Wanaoishi humo ni ndugu wa wagonjwa. Mtu katoka kijijini na basi la alfajiri, anasubiri saa ya kuona mgonjwa, hana ndugu mjini, hana pesa ya gesti. Pale chini ya mti ndipo sebule yake, jiko lake na chumba chake. Uzio wa maua unaanikiwa khanga na nepi. Wakubwa hukasirika, eti mandhari yanaharibika. Mimi nasema hapo ndipo bustani inafanya kazi.

Ndugu aliyepumzika anaingia wodini anazungumza vizuri na mgonjwa, anamlisha kwa subira. Aliyesimama juani tangu saa kumi na mbili anaingia na hasira, anagombana na mimi kwanza, mgonjwa baadaye. Mkitaka kujua inaponya vipi, anzieni hapo. Mti unampoza ndugu, ndugu ndiye anayempoza mgonjwa.

Halafu na sisi. Ukitoka usiku mzima leba, ukikaa dakika kumi pale kabla ya daladala, unafika nyumbani ukiwa binadamu.

#9 Kisiki Kibichi

Nesi shukrani sana. Kwenye mchoro wa mfadhili ndugu hawapo kabisa, kuna mzungu mmoja amekaa kwenye benchi anasoma kitabu.

#10 Fundi Bomba

Hahaha, huyo wa kitabu namfahamu, yupo kwenye kila mchoro.

Mleta uzi, tuzungumze maji, ndiko bustani hufia. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Nyasi kiangazi zinataka kama milimita 5 kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Yaani lita 5,000 kila siku, simtanki zima, kwa nyasi tu. Hospitali ambayo chumba cha upasuaji kinakatikiwa maji, nani atakubali mpira uelekezwe kwenye ukoka?

Ushauri wangu: nyasi ziwe kipande kidogo sana, pengine msiweke kabisa. Pandeni miti, mti ukishashika ardhi baada ya misimu miwili ya kiangazi unajitafutia. Tega maji ya mvua kwenye bati. Paa la wodi la mita 400 za mraba, mvua ya milimita 20, linaleta kama lita 8,000, toa kidogo za kupotea. Na chemchemi futeni kabisa. Pampu ikiungua mwaka wa pili hamtanunua nyingine, mtabaki na beseni la saruji lenye maji ya kijani.

#11 Mtoto wa Vuga

Assalaam alaykum.

Fundi, usiifute chemchemi haraka hivyo. Hospitali za Waislamu wa zamani, bimaristani, ua wake wa katikati ulikuwa na birika la maji. Damascus ipo ya Nur al-Din ya mwaka 1154, jengo limesimama hadi leo na birika lake uani. Aleppo kuna ya Arghun, 1354. Na Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga nyingine 1488, wagonjwa wa akili walitibiwa kwa muziki, sauti ya maji na manukato. Maji yalikuwa sehemu ya dawa, maana sauti yake inamtoa mtu kwenye mawazo yake.

Na kwa desturi yetu ya pwani, bustani bila asumini, mrehani, kilua na mlangilangi ni uwanja wa mpira. Mgonjwa akinusa asumini jioni anakumbuka kwao.

#12 Bwana Afya

Mtoto wa Vuga, waalaykum salaam. Sultani hakuwa na dengi Dar es Salaam. Sisi tulikuwa nayo 2014, ikarudi 2019 kwa kishindo.

Mbu wa dengi anauma mchana, na anazalia kwenye maji kidogo yaliyotuama: kopo, sahani chini ya chungu cha ua, tairi, hata maji yanayobaki kwenye maungio ya majani ya mgomba. Hospitali ndiyo mahali pabaya zaidi pa kumfuga, kwa sababu watu wenye virusi mwilini tayari mnao vitandani. Mbu anamuuma wa kitanda cha kwanza, baada ya siku kadhaa anampelekea wa kitanda cha tano.

Kama lazima chemchemi, maji yatembee muda wote na muweke perege wale viluwiluwi. Umeme ukikatika mnategemea perege peke yake. Vyungu vyote vitoboke chini, sahani marufuku. Na vichaka visigusane na madirisha ya wodi, mbu mkubwa hupumzika kwenye majani mazito yenye unyevu.

#13 Mama Kijacho

Watu wa afya mna kipaji cha kuua raha.

#14 Mzee wa Vitalu

Salaam. Nauza miche, kwa hiyo mtasema navutia kwangu. Semeni tu.

Kosa la kwanza la ofisi za serikali ni miashoki. Kila geti, kila uzio, miashoki imesimama mstari. Kivuli haina, matunda ya maana haina. Kwa mgonjwa mti ni kivuli. Mkungu unatandaza matawi kama meza, miaka minne mitano unakaa chini yake. Ubaya wake unapukutisha majani makubwa, fagio liwepo. Mwarobaini unavumilia ukame na kivuli chake kizuri. Mjohoro unakua haraka. Mkrismasi unapendeza Desemba, ila matawi yake yanakatika na mizizi inatambaa juu juu, usiupande karibu na njia ya kitimwendo.

Fikasi na jamaa zake wote wa mkuyu wawekwe mbali na mashimo ya majitaka. Mzizi unanusa bomba ulipo. Fundi Bomba atakubaliana nami.

Sasa la hatari. Kuna maua watu wanayapanda hospitalini bila kujua ni sumu. Oleanda, ile ya majani membamba marefu na maua ya waridi au meupe, kila sehemu yake ina sumu ya moyo. Ndugu yake wa maua ya njano yenye umbo la kengele, unaoonekana kwenye nyua nyingi, vivyo hivyo, mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Mranaha wa maua ya tarumbeta unavuruga akili. Mnyaa, utomvu wake ukiingia jichoni utampelekea daktari wa macho kazi. Mbarika, mbegu. Hospitali ina watoto wanaosubiri kliniki na ina wagonjwa wa akili. Hivyo vyote visiwemo.

#15 Pwani Mombasa

Mzee mbona umeruka mwembe? Kivuli kipo, embe lipo.

#16 Mzee wa Vitalu

Mwembe usiulete hospitalini. Msimu ukifika watoto wanarusha mawe, jiwe linatua kwenye bati la wodi, embe bovu linaleta nzi. Mzambarau vilevile, chini panakuwa zambarau na utelezi, mgonjwa wa magongo anaanguka. Mfenesi sitaki hata kuuzungumzia. Fenesi likimwangukia aliyekuja kuona mgonjwa, anabaki naye analazwa.

#17 Pwani Mombasa

😂😂 Yaani daktari anauliza, "Umeumwa na nini?" "Fenesi."

Ila miembe ilikuwepo hospitali zote tulizozaliwa na hatukufa.

#18 Nyamirambo

Habari wandugu, niko Kigali. Naona mnataja Marekani na Sultani, jirani mmemruka.

Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini kabisa mwa Rwanda, ilifunguliwa 2011. Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health walishirikiana, michoro ni ya MASS Design Group. Iko juu ya kilima, imeshuka kwa ngazi ngazi kama mashamba ya kule, na kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ambayo wakulima walikuwa wanayatupa pembeni ya shamba. Mti mkubwa wa umuvumu waliukuta pale, wakauacha, watu wanakaa chini yake.

Wodini vitanda havijaegemezwa kwenye kuta za nje. Wamejenga ukuta mfupi katikati ya wodi, vichwa vya vitanda vimeelekea huo ukuta wa kati, kwa hiyo kila mgonjwa amelala uso kwenye dirisha na milima. Bei ya kugeuza kitanda ni ndogo. Dkt Mchokozi amesema utafiti ulikuwa wa dirisha, basi Butaro ndiyo waliomsikia.

Kwa madaktari wa kule sababu kubwa si mandhari. Kifua kikuu kinahama kwenye wodi zisizopitisha hewa na korido zilizojaa watu wanaosubiri. Ndiyo maana njia nyingi na sehemu za kusubiria ziko nje. Bustani pale ni korido isiyo na paa. 2012 wakafungua na kituo cha saratani.

#19 Dkt Mchokozi

Nyamirambo, hili ni bandiko bora la uzi mpaka sasa. Kibong'oto kule Siha ni kisa hichohicho, hospitali ya kifua kikuu tangu 1926, wakati dawa hazijapatikana na tiba ilikuwa hewa ya mlimani, chakula na kupumzika. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, iligunduliwa 1943. Dawa zilipofika, watu wakafunga madirisha.

Sasa tuna mti, mwanga, hewa, na ndugu wa Nesi. Nne. Nani anaongeza?

#20 Binti Pangani

Naongeza upepo wa bahari. Waingereza hawakuwa wajinga kujenga hospitali ya Ocean Road pale ufukweni Dar es Salaam. Mivinje, upepo, mawimbi. Babu yangu alikuwa anasema ukilazwa pale nusu ya ugonjwa inaondoka na upepo.

#21 Sokoine Driver

Binti Pangani, Ocean Road ni ya Wajerumani, 1897. Waingereza walirithi. Na babu yako angekuwepo miaka hiyo asingelazwa pale, palikuwa pa Wazungu. Sisi na Wahindi tulikuwa na hospitali ya Sewa Haji, mfanyabiashara aliyetoa pesa yake. Jina lake bado liko kwenye jengo la wodi Muhimbili, watu wanalitamka kila siku hawajui ni nani.

Nalileta hili kwa sababu upepo na bustani tangu zamani vilikuwa vya wakubwa. Leo kwenye hospitali nyingi, bustani iko wapi? Mbele ya jengo la utawala.

#22 Binti Pangani

Wajerumani, Waingereza, upepo ulikuwa wetu.

#23 Pwani Mombasa

Sokoine Driver umesema kweli. Huku kwetu tangu afya iende kaunti 2013 nimeona maua mengi langoni na bango la mkubwa juu yake. Ukienda nyuma ni majani ya kufyeka na nyoka.

#24 Upendo M

Naomba niwajibu Mtoto wa Vuga na wanaopenda manukato. Nimemuuguza mama yangu akiwa kwenye kemo ya saratani. Harufu yoyote ilikuwa adui. Sabuni, vitunguu, marashi ya mgeni. Hospitali ile ilikuwa na asumini chini ya dirisha, nzuri ajabu, jioni ikichanua mama anatapika. Tukaomba ahamishiwe kitanda cha upande wa stoo. Alifurahi kutazama stoo.

Kwa hiyo mnapopanda mkumbuke ni wagonjwa gani watakaa hapo. Na kivuli kiwe cha kweli, kuna dawa za saratani zinazofanya ngozi iungue upesi juani. Benchi la juani kwa mtu wa kemo ni adhabu.

#25 Mtoto wa Vuga

Dada Upendo, pole sana kwa kuuguza. Basi asumini iwe upande wa lango, anayetaka harufu aifuate mwenyewe.

#26 Nesi wa Zamu

Upendo amegusa jambo, nami naongezea. Wagonjwa ambao chembe nyeupe za damu zimeshuka sana, wa saratani ya damu hasa, udongo wenyewe ni hatari kwao. Kuna kuvu waitwao aspajilasi wanaishi kwenye udongo na majani yanayooza, mtu mzima wa afya anawavuta haoni kitu, kwa hawa wanaingia mapafuni wanaua. Ndiyo maana vyungu vya maua na maua ya chombo havitakiwi kwenye wodi zao. Bustani waitazame kwa dirisha tu. Na mboji isichimbwe wala kugeuzwa karibu na hiyo wodi.

#27 Kagera Moja

Tulianza na "bustani inaponya", sasa tumefika "bustani inaua". Uzi huu nitauprinti.

#28 Mwendo Pole

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Nimesoma nadharia zote hapo juu na naona mmeruka iliyo rahisi: mgonjwa aliyeamka kitandani anapona upesi kuliko aliyelala. Mapafu yanafunguka, damu haigandi miguuni, tumbo linafanya kazi. Tatizo ni kwamba ukimwambia mtu wa kiharusi atembee kwenye korido mara kumi, anaona aibu na anachoka. Ukimwambia, "Twende mpaka pale kwenye ua jekundu," anakwenda. Mti unampa pa kufika, mengine miguu inafanya yenyewe.

Kwa hiyo kijia ndicho kitovu cha bustani. Mita 1.5 upana, ikiwezekana 1.8 ili vitimwendo viwili vipishane. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 12, na 1 kwa 20 ni bora. Saruji iliyokwaruzwa isiteleze, siyo kokoto na siyo vile vipande vya mawe vyenye nyasi katikati vinavyopendwa mahotelini. Viti vyenye mgongo na mikono, kwa sababu mgonjwa anainuka kwa kusukuma mikono. Na kiti cha kwanza kiwe karibu na mlango wa wodi. Kikiwa mbali, hakuna atakayethubutu kuanza.

Kama mnataka wagonjwa wapande wenyewe, inueni vitalu kwa matofali sentimita 60 hadi 75, mtu afikie akiwa amekaa.

#29 Mshambaa Halisi

Mwendo Pole umenikumbusha kwetu Korogwe. Hospitali ya Lutindi, milimani Usambara, ya wagonjwa wa akili, ilianzishwa na wamisionari enzi za Wajerumani. Pale wagonjwa wanafanya kazi: shamba, chai, kazi za mikono. Ukienda hutakuta mtu amekalishwa atazame maua, utamkuta ameshika jembe. Wazee wetu wanaamini jembe ndilo linarudisha akili, maana mtu anaona asubuhi alipanda na jioni anajua amefanya jambo.

Ndiyo maana sikubaliani na madirisha ya Dkt. Kutazama ni nusu.

#30 Dkt Mchokozi

Mshambaa, mtu aliyekatwa kifuko cha nyongo jana utampa jembe?

#31 Mshambaa Halisi

Siku ya pili nampa mche mmoja wa mrehani.

#32 Kagera Moja

Na kazi kwa wagonjwa iangaliwe isije ikawa vibarua wa bure wa hospitali. Mstari ni mwembamba.

#33 Mtumishi J

Anayeponya ni Mungu, wakuu. Bustani ya kwanza aliipanda yeye.

#34 Mama Kijacho

Amina. Na humo ndimo nyoka alikuwemo, kwa hiyo fyekeni.

#35 Shuhuda

Nimecheka hadi nimeamsha mtoto.

Nilete kisa. Hospitali moja, siitaji, walipewa bustani nzuri, vigae, viti, kila kitu. Siku ya ufunguzi picha zikapigwa. Wiki chache baadaye geti likapigwa kufuli. Sababu walizotoa: watu wanachuma mwarobaini wote mpaka mti unabaki kijiti, wanang'oa mshubiri na mizizi yake, jioni vijana wa mtaani wanaleta wapenzi wao, na wauza karanga wameingia. Kwa hiyo wagonjwa wakawa wanaitazama kwa nje ya nondo. Mkaguzi akija, kufuli linafunguliwa.

#36 Nesi wa Zamu

Shuhuda, la kuchuma majani ni kweli kabisa. Tena linanipa wasiwasi, kwa sababu mtu yuko kwenye dawa zake, pembeni ndugu anamchemshia mwarobaini na mshubiri kimyakimya. Ukiuliza unaambiwa, "Ni miti ya hospitali, si mmepanda wenyewe?" Mgonjwa naye anaona hospitali imeidhinisha.

#37 Mzee wa Vitalu

Basi pandeni vya kuchumwa visivyo na madhara ya haraka hivyo. Mchaichai, weka mstari mzima, wachume wakanywe. Ukikatwa unachipua. Bustani ambayo haichumwi, Mswahili ataichuma usiku.

#38 Fundi Bomba

Hapa swali la mleta uzi la "nani atamwagilia" linarudi. Maua yanayopandwa na mzabuni wa usafi yanakufa mkataba ukibadilika. Nimeona mara nyingi, mzabuni mpya anakuja na kwanja, anafyeka kila kinachoonekana, mche wa mkungu na magugu vyote chini.

#39 Diaspora Mzee

Niko Singapore kikazi. Hapa kuna hospitali inaitwa Khoo Teck Puat, ilifunguliwa 2010, bustani zinashuka ghorofa kwa ghorofa, na juu ya paa kuna shamba la mboga na matunda linalotunzwa na watu wa kujitolea, wengi wao wazee wastaafu wa mtaani. Hospitali inawapa udongo na maji, wao wanaleta mikono. Mleta uzi, wastaafu hamnao?

#40 Kagera Moja

Wastaafu wetu wanafuatilia mafao, mkuu.

#41 Nesi wa Zamu

Msicheke. Ndugu wa wagonjwa wako pale kutwa nzima bila kazi. Kwetu kuna mama mmoja mwanawe alilazwa muda mrefu, alichukua ndoo akawa anamwagilia mti aliokuwa anaukalia. Hakuna aliyemtuma. Weka bomba moja karibu na ndoo mbili zilizofungwa mnyororo, uone.

#42 Kisiki Kibichi

Wakuu, nimesoma yote. Nakwenda kwenye kikao na haya: kijia cha Mwendo Pole na viti vya karibu na mlango, miti ya kivuli kwanza na nyasi kipande kidogo, tanki la maji ya bati, bomba na ndoo za Nesi, sehemu ya ndugu kuanika na kupikia kwa upande wa nyuma ili isigombaniwe. Vitanda vya dirishani tuvigeuze bila kumsubiri mfadhili. Chemchemi nitaipinga, ila mfadhili ameikazania, nadhani atataka jina lake pale.

Kama inaponya kwa mwanga au kwa kutembea au kwa ndugu, mfawidhi atajibu, mimi sina jibu. La vitanda vya akina mama bado linaniuma.

Miche naipata wapi kwa bei ya kawaida, mbali na Mzee wa Vitalu?

#43 Mzee wa Vitalu

"Mbali na"! Sawa. Waulizeni TFS, wale wakala wa misitu, wilayani kwenu, wana vitalu vya miti. Panda mvua zinapoanza, usisubiri sherehe ya mfadhili. Mashimo yachimbwe mapema, samadi iliyooza, na kila mche uzungushiwe kitu.

#44 Dkt Mchokozi

Kwa mfadhili, mpe jina kwenye tanki. Ni kubwa kuliko chemchemi na linaonekana kutoka barabarani.

#45 Zahanati ya Kijiji

Uzi mzuri, hodi. Sisi ni zahanati tu, hatuna hata uzio, mbuzi wanaingia mpaka mapokezi. Tulipanda miche ya halmashauri, ikaliwa yote. Tuanze na nini?

#46 Sokoine Driver

Uzio wa mnyaa. Mbuzi hagusi.

#47 Mzee wa Vitalu

Bandiko namba 14, soma. Mnyaa hospitalini hapana. Weka michongoma.

#48 Mama Kijacho

Michongoma na miiba ile, na siku ya kliniki watoto mia wanakimbia?

#49 Mzee wa Vitalu

Basi mfungeni mbuzi.

#50 Zahanati ya Kijiji

Mbuzi ni wa mwenyekiti.